Ukilenga Nyama, Usilenge B12

Mwaka 1998, watoi wa darasa la kwanza kwa shule 12 za primo huko Kyeni, Embu, waliingizwa kwa utafiti wa githeri. Profesa Charlotte Neumann wa UCLA na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waligawa hizo shule mafungu nne. Fungu ya kwanza githeri yao iliwekwa nyama ya kusaga. Ya pili walipewa githeri na glasi ya maziwa. Ya tatu githeri iliongezwa mafuta, ndo wote watatu wapate nguvu sawa, kalori kwa kalori. Fungu ya nne haikupikiwa kitu.

Hapo ndo iko utamu. Kama shida ya mtoi ingekuwa njaa peke yake, hizo githeri tatu zingefanya wera sawa. Hazikufanya. Wale wa nyama ndo walisonga mbele zaidi kwa mtihani wa kutatua mafumbo ya michoro, mikono yao ikajaza misuli, na wakati wa kucheza wakawa ndo wanachangamka na kuongoza wenzao. Kwa fungu ya maziwa, wale watoi walikuwa wamedumaa waliongeza urefu. Damu nayo ikapimwa. Wengi walikuwa wameanza na B12 ya chini, na fungu zenye B12 ilipanda ni mbili tu, ya nyama na ya maziwa. Mafuta iliwapa nguvu, lakini hiyo pengo ilibaki palepale.

Nimeanza na Embu ju hii stori ya kula mimea inabongwanga vibaya hapa kwetu. Inaletwa kama form ya wasee wa Kilimani na Westlands wenye wamechoka na choma. Lakini cheki sahani ya kawaida mtaani: uji asubuhi, madondo na chapo saa saba, ugali sukuma usiku. Nyama ni ya mwisho wa mwezi, ama ya Krisi mkienda ocha. Kuna mbogi kubwa sana ya Wakenya wanakula mimea karibu kila siku na hakuna msee amewahi waita vegani. Mfuko ndo iliwachagulia.

Halafu wako wenye wamechagua wenyewe. Marasta na dishi yao ya ital, ile ya bila nyama, wamekuwa kwa hii kitu tangu kitambo, na 2019 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba Rastafari ni dini kama dini zingine. Wahindi wengi wa Ngara na Parklands wamelea vizazi na vizazi bila nyama. Wasabato, wenye kanisa yao iliingia Kenya 1906 pale Gendia, wako na wasee wengi wenye hawashiki nyama kabisa. Na sai kuna machali wa jimu na madem wa kampasi wameona video mbili tatu TikTok wakaamua ni mimea tu kuanzia kesho. Nabonga na nyinyi wote pamoja, ju mwili haujui kama nyama ilikosekana sababu ya imani, huruma kwa wanyama ama msoto. Mwili unajua kenye kimeingia na kenye hakijaingia.

Nianze na uzuri wake, ju ni mob na si wa kubishana. Wasabato wamefuatiliwa na watafiti Marekani na Kanada tangu 2002, watu karibu 96,000. Ripoti ya 2013 ilionyesha wale hawali nyama, ama wanaikula kwa nadra, walikuwa na hatari ya kufa ya chini kwa asilimia 12 kuliko Wasabato wenzao wenye wanaikula kawaida. Nayo ile timu ya Oxford, yenye imefuatilia Waingereza kutoka miaka ya tisini, ilisema 2019 kwamba wasiokula nyama walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 22. Lakini utafiti huohuo ulipata kiharusi iko juu kwa asilimia 20 kwa hao hao wa mboga. Hiyo sehemu ya pili wasee wa TikTok wanairuka. Mimi siiruki, ju ukitaka kubadilisha maisha ya mwili wako, unafaa kupewa stori yote.

Kuhusu smokie na soseji, WHO ilishaongea kupitia shirika lake la utafiti wa kansa. 2015 iliweka nyama za kusindikwa kwa kundi ya vitu zenye inajulikana zinaleta kansa. Kila gramu 50 za kila siku zinapandisha hatari ya kansa ya utumbo mkubwa kwa asilimia 18. Gramu 50 haiko mbali na smokie moja. Haimaanishi ukinunua smokie pasua leo umeisha, ju hiyo asilimia 18 inapanda juu ya hatari yenye ni ndogo kwa mtu mmoja. Inamaanisha usiifanye dishi yako ya kila siku. Na ka wewe ni yule msee wa smokie asubuhi na soseji jioni, kuzikata hizo mbili itakusaidia kuliko vitu mob zenye unaweza nunua kwa duka la virutubisho.

Sasa hapa wengi wanapotea njia. Chipo ni mmea. Soda ni mmea, ukifuatilia hiyo sukari mpaka kwa muwa. Mandazi, bhajia, mkate mweupe na chai ya sukari nne, yote haina ata tone la damu. Ambika Satija na wenzake wa Harvard waliangalia data ya watu zaidi ya 200,000 Marekani, wakatenganisha mimea mizuri na mimea mibaya. Wale wa nafaka nzima, mboga, matunda, maharagwe na njugu walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo ya chini kwa asilimia 25. Wale wa unga mweupe, viazi vya kukaanga na vinywaji vya sukari ilipanda kwa asilimia 32. So ukiwacha nyama ukahamia chipo mwitu, umehama kutoka shida moja ukaingia ingine, na ya pili inaeza kuwa mbaya zaidi.

Na sisi Wakenya, pamoja na sukuma yetu yote, mboga na matunda hatukuli za kutosha. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu asilimia 94 ya watu wazima hawafikishi kipimo cha WHO cha sehemu tano kwa siku, hizo gramu 400. Ile sukuma kidogo ya kusukumia ugali kubwa haihesabiki sana.

Swali la kwanza la kila chali wa jimu ni protini. Buda, chill. Msee wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku, na anayeinua chuma sana anahitaji zaidi, hata mara mbili. Kikombe kimoja cha madondo yaliyoiva kiko na kama gramu 15. Vikombe viwili, ugali ya kushiba na mkono mmoja wa njugu, tayari umepita hapo. Kuna kitu shosh zetu walijua kwa mkono bila kusoma kemia: mahindi ni dhaifu kwa laisini, moja ya vipande vya kujenga protini, maharagwe iko nayo mob. Maharagwe nayo ni dhaifu kwa methionini, kipande kingine, mahindi inaiweka. Githeri ni hizo mbili zimeshikana. Madondo na chapo ni hivo hivo, ndengu na wali pia. Na si lazima ziwe kwa sahani moja, bora siku iishe ukiwa umepita kwa zote.

Ukitaka mfano wa mwili wenye unafanya wera ngumu, enda Bonde la Ufa. Vincent Onywera na wenzake waliandika 2004 juu ya wakimbiaji 10 wa hali ya juu, wakapima dishi yao siku 7. Nguvu nyingi, karibu asilimia 86, ilitoka kwa mimea: ugali, wali, viazi, maharagwe, kabeji, sukari. Lakini usiwache nusu ya stori kwa meza. Kwa chai yao kulikuwa na maziwa, na nyama kidogo iliingia kwa wiki. Hiyo kidogo iko na maana, na B12 ndo itakuonyesha kwa nini.

Kabla ya hapo, madini ya chuma. Hapa nabonga hasa na madem, ju kila mwezi mnapoteza damu na mnahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya chali. Chuma ya mimea mwili unaivuta kwa shida kuliko ya nyama. Kuna vitu zinaifungia mlango na kuna vitu zinaifungua. Chai na kahawa zinafunga. Na cheki tabia yetu: chapo-madondo na chai ya moto hapohapo, sahani moja, saa moja. Ile rangi ya chai yenye inashika kikombe ndo pia inashika chuma ndani ya tumbo, inatoka nayo. Ngoja lisaa limoja hivi ndo unywe. Kenye kinafungua ni vitamini C, na haihitaji doo mingi: kachumbari ya nyanya mbichi na ndimu juu ya ndengu, chungwa baada ya githeri, pilipili hoho. Kuloweka maharagwe usiku mzima na kumwaga hayo maji pia kunasaidia, na uji wa wimbi wa kuchachusha, ule mchachu wa ushago, unafanya hiyo kazi kuliko uji wa kuchemshwa tu.

Mboga nazo zimetuzunguka na tunazipita. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia maisha yake kusoma managu, terere, saga, mrenda, kunde na mito. Alikulia Vihiga, na akiwa mtoi mwili wake ulikataa nyama, mayai na maziwa, so alilelewa na hizo mboga. Wakati alianza, vitabu vya kilimo bado vilikuwa vinaziita magugu. Leo zinauzwa kwa masupamaketi. Managu na terere zinapita kabeji mbali kwa chuma, kalsiamu na vitamini A. Ukiwa msee wa mimea halafu mboga yako ni kabeji Jumatatu mpaka Jumamosi, umeacha chakula halisi kwa mama mboga. Muulize ako na gani leo, uchanganye. Mito ni chungu, managu pia, ndo maana shosh huzilaza na maziwa usiku mmoja. Wenye hawanywi maziwa wanaeza kupika na karanga ya kusaga ama simsim. Inabamba, na unaongeza protini.

Mifupa nayo isisahaulike. Hiyo timu ya Oxford ilirudi 2020 ikasema mavegani, wenye hawashiki chochote cha mnyama, kwa data yao walivunjika mifupa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na ya nyonga ndo ilikuwa mbaya zaidi. Sababu ziko kadhaa: kalsiamu kidogo, protini kidogo, uzito mdogo. Ka umewacha maziwa, jua sukuma inatoa kalsiamu yenye mwili unaishika vizuri, lakini spinachi inaifunga na asidi yake, so usiihesabu. Simsim na maharagwe zinaongezea.

Na kitu ya huku kwetu kabisa, yenye vitabu vya ng'ambo haviongeleangi: sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwa nafaka na njugu. Ukikula mimea, umekula mahindi na njugu mob kuliko jirani. 2004 mahindi yenye ilivunda iliua watu 125 Ukambani, wengi Makueni na Kitui. Njugu yenye iko na doa, imenyauka ama iko na uchungu, itema, usimeze ati ju ulishalipa. Mahindi yenye ilinyeshewa ghalani usisage ati itaisha makali ikiwa ugali. Haiishi, moto ya jiko haiiui.

Sasa B12. Hii ndo maana ya kuandika.

Hakuna mmea wenye unatengeneza B12. Mnyama pia haitengenezi mwenyewe. Bakteria ndo hutengeneza, kama wale wa ndani ya tumbo ya ng'ombe na mbuzi, halafu inaingia kwa nyama, maini na maziwa. Mayai na samaki pia ziko nayo. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, kitu kidogo huwezi ona kwa macho. Lakini hiyo kidogo ndo inatengeneza damu na inavalisha neva zako. Maini huweka akiba ya miaka, na hapo ndo hatari iko. Ukiwacha nyama, mayai na maziwa leo, mwaka wa kwanza utaskia uko fiti kabisa. Utaambia wasee wa besi kwamba hii kitu ya B12 ni uongo. Halafu miaka inapita, akiba inaisha: miguu inaanza ganzi na kuchomachoma, unachoka ukipanda ngazi ya fleti, ulimi unakuwa mwekundu na laini, unasahausahau, roho inakuwa nzito bila sababu. Wengine wanaambiwa ni presha ya maisha.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Mboga za majani na maharagwe ziko na foleti mob. Foleti inaeza kuficha upungufu wa damu wenye unaletwa na kukosa B12, so damu ikipimwa kijuujuu inaonekana sawa, na huku neva zinaendelea kuharibika. Zikichelewa kutibiwa, zingine hazirudi. Hapo ndo nashikwa na uchungu, ju hii kitu inazuiliwa na tembe.

Usidanganywe na spirulina, wala mwani, wala ati mboga yenye haijaoshwa iko na B12 ya udongo. Ile ya spirulina kwa sehemu kubwa ni mfano wa B12 wenye mwili wa binadamu hauwezi tumia. Ka wewe ni msee wa maziwa na mayai, vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinakaribia kukufikisha. Ile ya kubadilisha tu rangi ya chai haikufikishi. Ka hushiki chochote cha mnyama, meza tembe: maikrogramu 10 kila siku, ama 2,000 mara moja kwa wiki. Ukimeza nyingi kwa mara moja mwili unashika kidogo tu, ndo maana ya wiki inaonekana kubwa hivo.

Kenya imejaribu kusaidia. Tangu 2012 unga wa mahindi na ngano wa viwandani, ule wa pakiti, sheria inasema lazima uongezwe vitamini na madini, B12 ikiwa ndani pamoja na chuma, zinki na foleti. Angalia pakiti. Lakini mtaani wasee mob wananunua unga ya posho mill, na hiyo kwa kawaida haina kitu imeongezwa. Na ndo hao hao nyama wanaionja mara moja kwa mwezi. So wenye wako na pengo kubwa ndo mara nyingi hawafikiwi. Gava ikitaka kufanya kitu ya maana, ipeleke hizo mashine za kuongeza virutubisho mpaka kwa posho mill za Mukuru na Kayole.

Ka mathe ama buda ako na ugonjwa wa sukari na anameza metformin, jua hiyo dawa pia inashusha B12 pole pole. Akiwacha nyama pia juu ya hiyo, anashuka haraka zaidi. Muombe amuulize daktari wake.

Wenye mko na msoto na hamjachagua hii form, siwezi waambia mnunue maini. Omena ndo nitawaambia. Kikombe cha omena kavu kwa mama mboga ni bei ya chini kuliko nyama, iko na B12, chuma, na ukiila na mifupa yake, kalsiamu. Yai moja mara kadhaa kwa wiki kwa mtoi, na mala wakati iko. Embu ilionyesha haihitaji mlima wa nyama. Watoi wa pale walianza na kijiko tatu nne za nyama ya kusaga ndani ya githeri.

Na kwa wenye mmechagua, naomba muwache watoi nje ya majaribio bila mtaalamu. Tumbo ya mtoi ni ndogo, mimea inaijaza haraka kabla haijapata kenye anahitaji, na ubongo wake haungojei. Inawezekana kulea mtoi kwa mimea, wako wenye wamelea wakafaulu, lakini wanapima, wanahesabu, na wanampa B12 bila kukosa.

Dem mwenye ako na ball na hashiki nyama wala maziwa, huyo ndo wa kuchunga kabisa. Zile tembe za chuma na foleti zenye unapewa kliniki mara nyingi hazina B12 ndani. Mtoi anachukua yake kutoka kwa mathe tumboni, na akizaliwa anachukua kwa maziwa ya mathe. Mathe akiwa tupu, mtoi pia anakuwa tupu, na yeye hana akiba ya miaka. Ukienda kliniki mara ya kwanza, usingoje kuulizwa. Mwambie nesi kwamba wewe ni wa mimea tu, muulize juu ya kupima B12, na uonyeshe tembe zenye unameza, na pakiti yake.